Sura ya Nne: Toleo Lililokosekana

Baba mdogo alikuwa utingo wa lori lililobeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na kila lori lilipolala Igawa hakukosa kitu mfukoni. Mara pipi, mara mkate uliokwisha kukauka njiani, na mara mojamoja jarida. Halikuwa jipya. Lilikuwa limeshasomwa na dereva, likaazimwa gereji, likakaa siku mbili hotelini Ilula, na lilipotufikia sisi jalada lilikuwa limenyofoka na kurasa za katikati zinanuka dizeli. Ndani yake mlikuwa na hadithi iliyoanza kabla hatujaipata, na ambayo ingekwisha bila sisi kujua. Juu ya ukurasa waliandika kwamba inatoka toleo lililopita. Chini, neno moja: itaendelea.

Kwa hiyo tulisoma sehemu ya nne kabla ya sehemu ya pili, na ya tatu hatukuipata kabisa. Katika sehemu ya pili mwanamke anazikwa. Katika ya nne anagonga mlango wa mumewe saa nane za usiku, miguu imejaa tope. Alitokaje? Nani alimfukua? Swali hilo lilitutesa wiki nzima, mpaka dada yangu mkubwa alipoamua kulijibu mwenyewe. Tukiwa tumezunguka koroboi, akaisimulia sehemu ya tatu kama mtu aliyeisoma. Kaburi halikuwa tena la Dar es Salaam, lilikuwa ng'ambo ya daraja la mto Mbarali, na tope la miguuni lilikuwa tope la majaruba ya mpunga tuliyoyajua kwa majina ya wenyewe. Usiku ule hakuna aliyethubutu kwenda chooni peke yake. Tangu hapo nimesoma hadithi nyingi za kutisha za watu wenye majina makubwa, na sijakutana na iliyonikaba koo kama toleo lile lililokosekana.

Nimeanzia Igawa kwa makusudi. Historia ya hadithi ya kutisha katika magazeti na majarida ya Kiswahili huandikwa kana kwamba yote yalitokea Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko mitambo ya kuchapa ilikokuwa. Lakini hadithi hizi zilisomwa njiani, na njia yake kuu upande wa kusini ilikuwa barabara hii. Mwezi Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta haina njia salama ya kupitishia mafuta. Malori yakaanza kuyasomba kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na tope, na vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba madereva waliibatiza kwa jina la Jehanamu. Lami ikaja miaka ya mwanzo ya 1970, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Igawa iko pale barabara inapouacha ubaridi wa Makambako na kuteremka kwenye joto la bonde la Usangu, kabla ya Chimala. Kwa dereva aliyetoka Dar es Salaam, mlima wa Kitonga umeshapita na mlima wa kwenda Mbeya bado. Hapo watu hushusha pumzi, hula wali, na husimuliana. Mwanamke aliyevaa nyeupe, aliyeomba lifti usiku na kutoweka kwenye kiti kabla lori halijasimama, nimemsikia Igawa kwa vinywa vya madereva zaidi ya kumi, na kila mmoja aliapa kwamba alimpakia yeye mwenyewe.

Mwaka 1923 ulizaa magazeti mawili ambayo hayakuwahi kusikiana. Mwezi Januari, Dar es Salaam, serikali ya Waingereza ilianza kutoa Mambo Leo kwa Kiswahili. Mwezi Machi, Chicago, Marekani, likatoka jarida la Weird Tales, la kwanza kujulikana sana kwa kujishughulisha na hadithi za ajabu na za kutisha tu. Wamarekani waliliweka katika kundi la majarida yaliyopewa jina kutokana na karatasi yake: karatasi duni ya rojo la mbao, nene, inayogeuka manjano upesi, ya bei ya chini kwa mchapishaji na kwa mnunuzi. Chini ya mhariri Farnsworth Wright, aliyelishika kuanzia 1924 hadi 1940, jarida hilo lilichapisha H. P. Lovecraft, Clark Ashton Smith na Robert E. Howard. Fedha hazikuwahi kulitosha. Howard alijiua mwaka 1936 akiwa na miaka 30. Mwaka uliofuata Lovecraft alikufa maskini, bila hata kuota kwamba vitabu vyake vingekuja kuuzwa dunia nzima. Jarida lilifungwa Septemba 1954, baada ya matoleo 279, na ingawa limefufuliwa mara kadhaa baadaye, matoleo hayo ya kwanza ndiyo yanayotunzwa leo, yanasomwa na kuandikiwa vitabu.

Mambo Leo lilikuwa na kazi nyingine. Lilitaka kufundisha kilimo, usafi, habari za dola na mashairi. Shaaban Robert alitoa humo tungo zake. Serikali isingeweza kuchapisha humo hofu kubwa kuliko zote za wasomaji wake, yaani mumiani, kwa kuwa katika hofu hiyo mnyonyaji wa damu alikuwa mtu wa serikali: zimamoto, bwana afya, askari. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Watu wa pwani wakaamini kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizusha ghasia Buguruni, Dar es Salaam, na askari polisi mmoja akauawa. Nalitaja tukio hili mapema ili msomaji alishike, maana tutalirudia kwa sura nyingine hukuhuku Nyanda za Juu Kusini.

Hadithi ya kutisha, basi, haikupata gazeti lake. Iliishi kwenye nyumba za wengine kama mpangaji. Askofu Edward Steere alipochapa London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Unguja, ndani yake alikuwamo nunda, paka wa sultani anayeanza kwa kula mifugo na kuishia kula watu, huku sultani mwenyewe akikataa auawe. Hiyo ni hadithi ya kutisha iliyokamilika, na ilikuwa imekamilika kabla ya kalamu kuigusa. Shaaban Robert aliweka majini na ndugu waliogeuzwa manyani ndani ya Adili na Nduguze. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960, na hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa la kishujaa: alimpeleka msomaji mpaka mlangoni mwa mzimu, akamtetemesha, halafu akamruhusu mpelelezi wake, Bwana Msa, aonyeshe kwamba nyuma ya mambo hayo kuna mkono wa binadamu. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akaanzisha Film Tanzania, jarida la hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera, waigizaji wakiwa watu wa mjini.

Halafu ikaja Sani.

Sani ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa baba mdogo. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na jina lake limetokana na silabi za kwanza za majina yao. Watu wengi wanaikumbuka kwa vichekesho: Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe, Pimbi. Walichekesha kweli, na mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, alikuwa na mstari ambao ungeweza kuutambua hata ukurasa ukiwa umechanika nusu. Lakini kando ya vichekesho zilikuwamo hadithi za mfululizo za mapenzi, majambazi na uchawi, zenye michoro ya wino mzito, na hizo ndizo zilizotukosesha usingizi. Mchoraji wa kichekesho huacha karatasi nyeupe nyingi. Mchoraji wa hadithi ya kutisha hujaza weusi, kisha huacha upenyo mdogo mweupe: jino, jicho, kucha. Kwa mtoto anayesoma kwa mwanga wa koroboi, weusi wa ukurasa na weusi wa chumba vilikuwa kitu kimoja.

Matoleo hayakutoka kwa mpangilio, na hilo halikuwa kosa la wachapishaji. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikosa fedha za kigeni, na karatasi ikawa adimu kama sukari na sabuni. Dawa ya shida hiyo ilitafutwa kwetu. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza uzalishaji kando ya reli ya TAZARA, kikitegemea misonobari ya msitu wa Sao Hill. Nimekwisha sema kwamba majarida ya Marekani yalipewa jina kwa rojo la mbao. Sisi rojo letu lilichemshwa Iringa, na harufu yake ya mayai viza ilisafiri na upepo. Napenda kufikiri kwamba baadhi ya kurasa zilizotutisha zilishuka kwenda Dar es Salaam kama karatasi nyeupe na kurudi Igawa zikiwa na maiti ndani yake. Baadaye kiwanda kilibinafsishwa, na kikaelekea zaidi kwenye karatasi ya kaki, ya kufungashia.

Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alielewa jambo moja kuliko wote: jina la kitabu huuza kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Salamu Toka Kuzimu. Malaika wa Shetani. Tutarudi na Roho Zetu? Ukivisoma utakuta ni vitabu vya upelelezi na ujasusi, lakini majalada yake kwenye meza ya muuza magazeti yaliongea lugha ya makaburi. Wataalamu huziita kazi hizi fasihi pendwa, na wengine hulitamka neno hilo kama wanaomtaja mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mimi naona ni sifa. Kitabu kilichompendeza utingo asiyemaliza darasa la saba, akakihifadhi chini ya godoro la kabini kutoka Kurasini hadi Tunduma, kimefanya kazi ambayo vitabu vingi vyenye tuzo havijaifanya.

Miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurudi, magazeti ya watu binafsi yalichipuka kama uyoga, na yale ya udaku yakaichukua hadithi ya mfululizo kutoka kwa majarida. Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers waliijengea himaya. Uwazi, Ijumaa, Amani, Risasi: kila gazeti lilikuwa na hadithi yake, na watu walinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo mmoja. Misukule ikawa mada isiyochoka, yaani mtu aliyezikwa mchana na ndugu zake wakimlilia, kumbe yuko shambani kwa mchawi analima usiku, ulimi umekatwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwanamke wa sehemu ya nne. Hadithi yetu ya Igawa ilikuwa imepata kabila zima la jamaa zake.

Na hapo pia ndipo ilipofika mahali ambapo mimi binafsi siwezi kuisimulia kwa furaha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani Mbeya, watu waliuawa na kuchunwa ngozi. Huo haukuwa uvumi wa mumiani. Maiti zilionekana, polisi walikamata watu, kesi zilifunguliwa. Nyuma ya mauaji hayo walikuwapo waliodai kwamba ngozi ya binadamu inauzwa na kwamba inaleta utajiri. Igawa iko mbali kidogo na wilaya zilizoumizwa zaidi, lakini barabara ni moja. Watu walianza kurudi kutoka shambani kabla jua halijatua. Mgeni aliyeshuka kwenye basi akiwa na begi kubwa alitazamwa mara mbili. Na kwenye meza ya magazeti stendi, habari hizi za kweli na hadithi za kubuni zilikaa ukurasa kwa ukurasa, kwa herufi zilezile nyekundu, kwa vichwa vya habari vinavyofanana. Nilimwona mama mmoja akimwomba kijana amsomee, na kijana akamsomea kwa sauti ileile habari ya marehemu wa juzi na sehemu ya saba ya hadithi ya jini. Mama hakuuliza ipi ni ipi.

Msomaji wa Chicago alijua alichonunua. Jalada la Weird Tales lilimwambia, na hakuna jirani yake aliyewahi kukutwa bila ngozi. Msomaji wetu hakupewa uzio huo. Mwandishi wa hadithi za kutisha wa Kiswahili anaandikia watu ambao wengi wao wanaamini kwamba kitu hicho kipo, na baadhi yao wanaweza kumdhuru kikongwe mwenye macho mekundu kwa ajili ya imani hiyo. Muhammed Said Abdulla alilijua hilo mwaka 1960. Wahariri waliochanganya msiba na burudani miaka arobaini baadaye walipaswa kulijua zaidi yake, na sioni udhuru kwao.

Likizo moja ya miaka hiyo nilirudi nyumbani, na watoto wa dada yangu wakanizunguka wakitaka ile hadithi ya sehemu ya tatu, ambayo sifa zake walikuwa wamezisikia. Nikamgeukia mwenyewe. Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Hiyo hapana, mdogo wangu. Siku hizi watu wanachinjwa kweli."

Nyanda za juu zenyewe ndizo zilizotoa neno kwa hatua iliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu za video za Kiswahili zilipokuwa zinatafuta njia, Mussa Banzi alitengeneza filamu ya kutisha aliyoiita Nsyuka. Ni neno la Kinyakyusa, kutoka kwenye kitenzi cha kufufuka. Monica Wilson, aliyeishi Rungwe akiwachunguza Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya abasyuka: wazee waliotangulia, walio chini, wanaoangalia rutuba ya shamba na ya tumbo la mama, na wanaokasirika wakisahauliwa. Aliandika pia juu ya wachawi wanaosadikiwa kubeba chatu matumboni, na walinzi wa kijiji wanaowaona ndotoni na kupigana nao. Video ilimchukua nsyuka ikamfanya mzuka wa kuvamia watu. Naona tulipata na tukapoteza. Tulipata kuona neno la Tukuyu likibandikwa kwenye mabango ya Kariakoo. Tulichopoteza ni yule mzee wa chini ya ardhi mwenye haki zake na huzuni zake, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayetisha zaidi, kwa sababu ni babu yako na ana jambo la kukudai.

Vibanda vya video vilifika Igawa pia. Mkanda wa kigeni ulisimuliwa kwa Kiswahili na sauti kama ya Lufufu, msimuliaji maarufu wa filamu, na tukawa na mizimu ya Nigeria na Hong Kong inayozungumza kama watu wa Manzese. Shumileta, filamu nyingine ya Banzi, ilifuata Nsyuka, na jini wa kike akawa nyota. Popobawa, jini aliyewakosesha watu wa Pemba na Unguja usingizi mwaka 1995, naye akatengenezewa filamu. Siku hizi hadithi inakuja kwenye simu. Mtunzi anakutumia vipande vitatu bure, na cha nne unalipia kwa M-Pesa. Neno la mwisho ni lilelile.

Kitu kimoja kimebadilika, na hicho ndicho kilichonifanya niandike sura hii. Kwenye simu hakuna toleo linalokosekana. Sehemu ya tatu ipo, ukilipa unaipata, na dada wa mtu hahitajiki tena kuitunga. Sisemi tuirudishe koroboi. Nasema kwamba kwa miaka ishirini na zaidi wasomaji wa kando ya barabara walikuwa wanakamilisha kwa mdomo hadithi zilizochapwa nusu, na kwamba sehemu hiyo ya fasihi yetu haimo kwenye rafu yoyote. Hata ile iliyochapwa imetunzwa vibaya. Angalia waliozichunguza kwa bidii kazi hizi: Jigal Beez kwa katuni za kutisha, Matthias Krings kwa hadithi za picha na wasimuliaji wa filamu, Uta Reuster-Jahn kwa hadithi za magazetini, Claudia Böhme kwa video za kutisha. Wote wametoka Ujerumani. Nawashukuru, na naona aibu.

Majarida yenyewe yaliishia kufungia maandazi. Nimekula karanga Makambako ndani ya pembe ya karatasi yenye nusu ya uso wa jini, nikaikunjua kutafuta nusu ya pili kwenye fungu la jirani yangu wa kiti. Tulicheka wote wawili, lakini nusu ya pili haikuwamo.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyesoma mpaka hapa. Kama kwenu kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha mjomba aliyekuwa dereva, lifungue. Kama mna Sani, Film Tanzania au jarida lolote la miaka hiyo, usimpe mama wa maandazi. Lifunge kwenye nailoni, andika lilipatikana wapi na lilikuwa la nani, ulipeleke Maktaba ya Mkoa pale Mbeya, au Maktaba Kuu Dar es Salaam. Na kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kutunga sehemu iliyokosekana, mwombe aisimulie, uiandike na hiyo pia. Hata jarida likiwa halina jalada, lipeleke. Yote tuliyosoma sisi hayakuwa na majalada.